Tone Jekundu Juu ya Visi

Siku nilipostaafu na kurudisha funguo za atelye, karakana yetu, wadogo zangu, mlinunua soda na mikate, mkanipa saa ya ukutani, na mmoja wenu akasema, "Tata Kasongo, utuandikie ile yote unajua, kabla usahau." Nilicheka, kwa sababu aliyesema hivyo ndiye anayesahau turnevisi zake, yaani bisibisi, kila mahali. Lakini sasa ni mwezi wa tatu niko nyumbani Dilala, saa yenu inagonga ukutani, na nimeona niandike kweli. Vyeo sitavitaja, viko kwenye karatasi ofisini. Nitawaandikia juu ya mtu aliyenifundisha kazi, juu ya zile kompyuta za zamani ambazo mlinicheka sana nikizikusanya, na juu ya visi moja, skrubu ndogo ambayo kichwa chake hakizidi punje ya mchele. Kwa ile visi nilimkosea mwalimu wangu, na mpaka leo hakuna mtu wa atelye anayejua.

Nilifika atelye ya vyombo nikiwa kijana mwembamba, na diploma mpya, na mdomo mrefu. Kazi yenyewe mnaijua, lakini niiseme kwa ajili ya watoto wenu: tunatunza vyombo vinavyowaambia watu wa kiwanda mambo ambayo macho hayaoni, presha ndani ya bomba, moto ndani ya tanuru, tope limefika wapi ndani ya tangi. Nilidhani shule imenifundisha yote hayo. Walinikabidhi kwa Tata Ngoie, mtu mfupi, mwenye kofia ya bluu iliyopauka, anayeshika turnevisi kwa mkono wa kushoto. Aliniangalia kuanzia viatu mpaka kichwani, akasema, "Bon. Chukua fagio."

Juma la kwanza nilichomeka chombo cha volti mia moja na kumi kwenye umeme wa mia mbili na ishirini. Moshi ulitoka, harufu ikajaa atelye nzima, na mimi nikabaki mdomo wazi. Nilikibeba kile kisanduku cheusi kwa mikono miwili mpaka mezani kwake, nikingoja nifukuzwe. Tata Ngoie aliuliza, "Ulichomeka wapi?" Nilimwonyesha kwa kidole. Alicheka mpaka kofia ikaanguka chini, akaiokota, akacheka tena. "Bon, hii haitakutokea tena mu maisha yako. Kaa, tuifungue, tuone nini ilikufa."

Mwezi uliofuata mwenzetu mmoja alivunja mshale wa chombo cha presha, akakificha nyuma ya kabati. Tata Ngoie alikipata wakati wa kufagia. Hakupiga kelele hata kidogo. Alimwita yule mwenzetu, akamwambia mbele yetu, "Kitu umevunja, uniletee. Mi sitakukula. Lakini ukinifichia, sitajua tena mukono yako inagusa nini." Kwa majuma mawili hakumpa chombo chochote cha kutengeneza, na hakumsalimia. Mimi nilisimama pale pembeni nikajiambia kwamba hilo halitanipata kamwe.

Sasa rangi nyekundu. Mnajua kwamba kila chombo kina visi ndogo ya kurekebisha kipimo chake, na ukishaipata sawasawa, visi isisogee tena. Zamani kampuni ilikuwa inaleta lakeri maalumu ya kuzifungia. Ilipokwisha haikuja nyingine, kwa hiyo Tata Ngoie alileta kutoka nyumbani chupa ya verni ya kucha ya mke wake, nyekundu kali. Tone moja juu ya visi, unangoja ikauke, kwisha. Mtu akiigeuza, verni inapasuka na unajua. Sheria yake ilikuwa moja: visi yenye nyekundu haiguswi mpaka umwulize aliyeitia. Watu wa kiwanda walipita mlangoni, wakavuta pumzi, wakatuuliza tunasuka nywele saa ngapi. Tulizoea.

Miaka ile kulikuwa na injinia mgeni aliyemaliza mkataba wake, na wakati wa kufunga mizigo alimwachia Tata Ngoie kompyuta ya nyumbani. Msiwaze hizi mnazobeba mfukoni. Ilikuwa kibodi nene tu, ya plastiki ya kijivu, unaichomeka nyuma ya televisheni. Haikuwa na mahali pa kutunza kitu chochote ndani yake. Ulichoandika ulikitunza kwenye kaseti, kaseti zilezile za muziki, kupitia redio ya kaseti ya kawaida. Ukiisikiliza hiyo kaseti kwa sikio inapiga mlio mkali wa kuudhi, lakini mashine inausikia na kuuelewa. Nilipoona kwa mara ya kwanza herufi zikitokea kwenye televisheni kutokana na kelele ile, nilikaa chini, nikasahau chakula kilichokuwa mbele yangu.

Aliyenionyesha alikuwa Marceline, mtoto wa kike wa Tata Ngoie, mtoto wake wa pekee. Alikuwa na ugonjwa wa damu, selimundu, ule tunaouita SS. Mifupa ilimwuma, hakuweza kukimbia na wenzake, basi alikaa ndani na ile mashine na kitabu chake cha Kifaransa, akajifundisha mwenyewe kuandika programu. Mimi nilikuwa fundi mwenye diploma, na yeye, msichana wa sekondari, alinisahihisha bila haya, akiniita yaya, yaani kaka mkubwa. "Yaya Kasongo, hapana, ulisahau alama mbili. Mashine haiko na huruma kama mama." Kila nilipofika kwao aliniita kwanza kwenye televisheni kabla sijamsalimia mama yake.

Tata Ngoie alifanya poste, kama sisi wote, asubuhi, mchana, usiku, halafu mapumziko, na zamu hizo zilikuwa zinazunguka hata mke wake hakuzishika kichwani. Marceline alikufa akiwa kwenye mwaka wa mwisho wa shule. Alikufa saa nne asubuhi, na baba yake alikuwa poste. Ni mimi niliyetumwa kumtafuta ndani ya kiwanda. Nilimkuta amelala kifudifudi juu ya ngazi ya chuma, anapima bomba, nikashindwa kumwambia. Aliniona uso, akashuka, akafungasha vifaa vyake kimoja kimoja kwenye mfuko wa ngozi, kila kimoja mahali pake. Baada ya mazishi aliweka kompyuta, redio na kaseti ndani ya valizi ya kahawia, sanduku la safari, akaisukuma chini ya kitanda. Mama yake tuliendelea kumwita Mama Marceline, kama kawaida yetu, na kila tulipomwita lile jina lilisikika nyumbani mwao.

Mimi ugonjwa wa zile mashine ulikuwa umeshaniingia. Kampuni ilipoanza kulala, wageni waliondoka mmoja mmoja, na vitu vyao vilibaki kwenye magaraji, darini, kwenye stoo za shule. Nilianza kuviokota. Wanunuzi wa mitraille, vyuma chakavu, pale Manika walikuwa wakizivunja kompyuta kwa nyundo ili watoe shaba kidogo iliyo ndani, wakati mji mzima umekalia shaba. Nilibadilishana nao tairi la baiskeli, jembe, hata shati langu la Pasaka. Nilifikisha mashine kumi na nne. Mke wangu, Mama Feli, alisimama mlangoni akiziangalia, akasema, "Kama ilikuwa mwanamuke mwingine, ningejua namna ya kumufukuza."

Moja ilitoka Kasaji, juu ya kerea ya baiskeli mpaka kwenye treni, imefungwa kwa kitenge. Mwalimu mmoja mstaafu aliituma. Niliifungua nikakuta panya walishazaa ndani, na mkojo wao ulikuwa umekula nyaya za shaba kwenye ubao mpaka zimegeuka kijani. Nilikaa nayo miezi minne. Kwa yeyote atakayejaribu: uoshe ubao kwa maji safi na mswaki laini, uukaushe kivulini siku tatu, usiuweke juani hata kama una haraka, halafu uunganishe upya kila mstari uliokatika kwa waya mwembamba kuliko unywele. Na kondensa zote za zamani, vile vikopo vidogo vya kutunza umeme, uzitoe kabla hujachomeka umeme, maana zikipasuka zinaharibu na majirani zake. Ile ya Kasaji ilisema, yaani iliwaka na kufanya kazi, siku ya Jumapili baada ya misa. Niliruka, nikagonga kichwa kwenye rafu.

Sababu ya kazi yote hiyo nilikuwa naificha hata kwangu mwenyewe. Nilijua kwamba siku moja Tata Ngoie ataitoa valizi yake, na nilitaka mikono yangu iwe tayari.

Siku hiyo ilifika mwaka jana. Yeye alikuwa amestaafu zamani, anakaa Manika, mapafu yamechoka, macho yameanza kuzima. Aliniita kwa simu, nikaenda kwa taxi-moto, pikipiki ya abiria. Valizi ilikuwa imewekwa juu ya meza, na Mama Marceline alikuwa ameipangusa vumbi.

"Kasongo," alisema, "daktari hakunificha kitu. Ndani ya ile kaseti iko kitu mutoto alitufanyia, mi na mama yake. Nataka niione mara moja tena, kabla macho ikufe kabisa. Ni weye peke unaweza."

Sikuuliza ni kitu gani. Niliona haya kuuliza. Nilisema tu, "Tata, nipe siku chache," nikaibeba ile valizi juu ya mapaja yangu njia nzima, nikimwomba dereva akwepe kila shimo la barabara.

Kompyuta yenyewe haikunisumbua. Nilibadilisha kondensa, nikaunganisha karatasi ya plastiki yenye mistari ya umeme iliyo chini ya kibodi, na siku ya pili televisheni ilionyesha mstari wake wa kwanza. Kilichobaki kilikuwa redio ya kaseti. Ndani yake kuna kichwa kidogo cha chuma kinachogusa utepe na kuusoma, na kichwa hicho kinatakiwa kisimame wima. Upande mmoja kinashikwa na visi isiyosogea, upande wa pili kuna visi yenye springi chini yake. Ukiikaza au kuilegeza ile ya pili, kichwa kinalala huku au kule. Nilipofungua niliona kichwa kimepinda wazi kabisa. Springi haikuwa ya kiwanda, ilikuwa kipande kilichokatwa kutoka kwenye kalamu ya wino. Nilicheka peke yangu. "Aka! Huyu alikuwa fundi gani?" Niliing'oa nikaitupa, nikatia springi nzuri kutoka kwenye redio nyingine.

Na juu ya ile visi kulikuwa na tone jekundu. Nililiona, wadogo zangu, siwezi kusema sikuliona. Lakini nilikuwa kwangu, si atelye, na mbele yangu ilikuwa redio ya mtoto wa kike. Nilijiambia Marceline alikuwa anapaka kucha hapo juu ikamdondoka. Nikachukua kitambaa chenye alkoholi, nikalifuta. Halafu nikakinyoosha kichwa sawasawa kwa kaseti nzuri ya kupimia. Kaseti zangu za michezo ya kompyuta zilisomwa zote bila kosa. Nilijisifu.

Kaseti ya Marceline haikusomwa. Mistari ya rangi ilitembea pembeni ya televisheni, halafu neno la kosa. Nilijaribu asubuhi, nikajaribu mchana, nikangoja umeme urudi, nikajaribu tena. Niliisikiliza kwa sikio, mlio wake ulikuwa mzito, kama wa mtu anayesema akiwa na shuka mdomoni. Nikaamua kwamba utepe umekufa. Fundi mzima wa miaka yote ile, niliamua hivyo kwa jaribio la siku moja, kwa sababu sikufikiria hata dakika moja kwamba kosa linaweza kuwa langu.

Nilienda Manika kumwambia. Alikuwa amekaa kwenye kiti chake, uso umeelekea mlangoni.

"Inasema?"

"Mashine inasema, tata. Kaseti ndiyo imekufa. Utepe umechoka, miaka ni mingi."

 Mama Marceline aliacha kuchambua mchicha. Kisha Tata Ngoie akasema polepole, "Ni mi. Ile mwaka kwaya ilikuwa inaweka bitu byao huku kwetu, niliacha valizi pembeni ya bafle kubwa ya kutolea sauti. Iko na sumaku ndani. Mi najua kazi ya sumaku, na niliacha. Ni mi mwenyewe nilimufuta mutoto."

"Hapana, tata, usiseme vile."

"Leka, Kasongo. Ni mi."

Siku ile sikuwa nimemdanganya, nilisema nilichokiamini. Udanganyifu ulianza siku tatu baadaye, na nilimdanganya kwa kukaa kimya. Mama Feli alikuwa anafua uani, akainua kile kitambaa changu cha kufutia redio, akakisogeza karibu na macho. "Hii ni verni. Nani anapaka verni mu redio?"

Nilimpokonya kitambaa, nikakiangalia mwenyewe. Nani anapaka verni ndani ya redio? Mtu mmoja tu duniani. Anayetengeneza kwa springi ya kalamu wakati hakuna springi nyingine, anayefunga visi kwa tone la verni ya mke wake ili kesho mtu asiiguse bila kuuliza. Tata Ngoie ndiye aliyeitengeneza redio ya mtoto wake. Kichwa kilipinda mikononi mwake, naye akakifunga hivyo hivyo, kwa sababu kilikuwa kinafanya kazi. Marceline aliandika kaseti yake kwa kichwa kile kilichopinda, na kaseti iliyoandikwa na kichwa kilichopinda inasomwa na kichwa kilichopinda vilevile. Mimi nilikinyoosha. Na alama iliyokuwa inaniambia nisiguse niliifuta kwa mkono wangu.

Nilimweleza Mama Feli yote. Aliweka ndoo chini. "Bon, vaa kiatu, enda umuambie."

"Nitaenda nayo ikisema. Nitamuambia siku ile ile."

"Kasongo! Yule muzee eko nalia juu ya kosa yako."

"Siku mbili tu, mama. Nitapata."

Haikuwa siku mbili. Ile springi niliyoitupa nilitafuta kwenye takataka kwa mikono, sikuipata. Na nilinunua kalamu nyingi sokoni mpaka muuzaji akaniuliza kama nimefungua shule, nikakata springi, nikajaribu fupi, nikajaribu fupi zaidi. Utepe wa kaseti ulikuwa kweli mzee, kila ukipita uliacha vumbi la kahawia kwenye kichwa, basi niliogopa kuupitisha zaidi ya mara tatu kwa siku. Siku moja ulikatika, nikauunganisha kwa gundi ya karatasi. Umeme ulikuja saa moja, ukaenda saa tano. Kila siku simu ilikuwa mezani mbele yangu. Kila siku ningeweza kubonyeza jina lake na kusema, "Tata, ni mimi." Nilikuwa naona haya, huo ndio ukweli, sina neno lingine. Fundi mwenye mashine kumi na nne, anayesifiwa mji mzima, amefuta nyekundu ya mwalimu wake.

Siku ya tisa tangu Mama Feli aone kile kitambaa, Jumamosi asubuhi, nilikuwa nageuza visi kidogo kidogo na sikio karibu na redio. Mlio mzito ukaanza kupanda, ukawa mwembamba, ukawa mkali wa kuudhi, ule ule niliousikia sebuleni kwao zamani. Niliacha mkono hapo hapo. Mistari ikatembea, ikatembea, na televisheni ikaandika kwamba imesoma yote. Sikungoja kuona ni nini. Nilizima, nikapanga kila kitu kwenye valizi, nikavaa shati safi, nikaita taxi-moto. Njiani nilirudia maneno nitakayomwambia. Nilipanga kuanza na kosa, halafu ndiyo nimwonyeshe.

Tulipokata kona ya mwisho niliona viti nje ya nyumba yake. Viti vya plastiki, vingi, na turubai la bluu linafungwa kwenye nguzo. Mwenye moto alipunguza mwendo mwenyewe, akavua kofia. "Tata, hapa ni kilio."

Alikuwa amekufa alfajiri. Nilikaa kwenye kiti cha karibu, valizi juu ya mapaja, na watu walipita kunisalimia wakidhani nimekuja kulala na wafiwa. Nililia mbele ya kila mtu, sikujali. Baadaye Mama Marceline alituma mtu aniite ndani. Alikuwa amekaa chini kwenye godoro, na wanawake pembeni yake.

"Uko na nini mu ile valizi?"

"Ni ya Marceline, mama. Inasema."

Wanawake waliangaliana. Yeye alinyoosha mkono kuelekea televisheni, iliyokuwa imegeuzwa ukutani kwa sababu ya kilio. "Igeuze."

Jenereta ya kilio ilikuwa inanguruma nje, nikachukua waya wake. Nikaweka kaseti. Mlio ulianza, bibi mmoja akasema "Mawee!" akaziba masikio, na Mama Marceline hakutikisika. Halafu maneno yakatokea, meupe juu ya bluu: SIKU GANI? MWEZI GANI? MWAKA GANI? Nilikuwa na hofu ya mwaka, kwa sababu zamani wengi waliuandika kwa tarakimu mbili. Marceline aliacha nafasi nne. Niliandika tarehe ya siku ile. Mashine ikafikiri kidogo, na Mama Marceline akasoma kwa sauti, polepole, miwani mkononi:

TATA EKO KU KAZI. ATARUDIA MUCHANA. MUMUBAKISHIE BUKARI.

Ndiyo hiyo programu. Mtoto alihesabu zamu za baba yake zote, asubuhi, mchana, usiku na mapumziko, ili nyumba ijue lini kunyamaza na lini kumwekea chakula.  Wanawake waliokuwa wanasonga bukari uani waliacha, wakaja kusimama mlangoni na miiko.

"Andika kesho," alisema Mama Marceline.

Niliandika. TATA ATATOKA MUCHANA. ATARUDIA USIKU.

"Kesho kutwa."

TATA EKO NALALA, ATAFANYA POSTE YA USIKU. MUSIFANYE FUJO.

Aliendelea hivyo, siku baada ya siku, na mimi niliandika nikiwa sioni vizuri, mpaka tukafika Alhamisi, ambayo kwetu ni kazi ine, siku ya nne ya kazi. LEO TATA EKO NA SISI.

"Acha hapo," alisema. "Usizime." Tuliiacha hivyo mpaka mafuta ya jenereta yakaisha.

Alhamisi yenyewe, siku moja baada ya mazishi, nilirudi bila kuitwa. Turubai lilikuwa limeshushwa. Umeme haukuwepo na televisheni ilikuwa nyeusi, lakini Mama Marceline alikuwa amekaa mbele yake, na kiti cha mume wake kiko pembeni yake. Nilichukua kigoda. Nilimwomba kama bado ana verni nyekundu, akaenda chumbani, akaleta chupa ndogo iliyokauka nusu. Nilifungua redio. Nilitia alkoholi kidogo kwenye verni, nikaikoroga kwa kijiti, nikaweka tone moja juu ya visi, kichwa kikiwa kimepinda vilevile.

Nikashindwa kufunga ile redio bila kusema. Nikamweleza yote, springi, kitambaa, siku tisa, simu mezani. Nilimwambia bafle ya kwaya haikufuta kitu, kaseti ilikuwa nzima muda wote, na mume wake hakuwa na kosa lolote. Nilisema nikiangalia chini, kama nilivyosimama mezani kwake na kile kisanduku cheusi.

Mama Marceline aligeukia kiti cha mume wake. 

"Siku ile ulienda, hakukula," alisema. "Alikuwa anasema tu, nilimufuta mutoto, nilimufuta mutoto. Mpaka siku ya mwisho."

"Mama, unisamehe."

Alichukua chupa ya verni mkononi mwangu, akaifunga kifuniko, akaikaza vizuri.

"Ungemuambia tu, Kasongo," alisema. "Angecheka, yule."

Na ni kweli, wadogo zangu. Angecheka mpaka kofia ianguke.